Kuomba msaada wa fedha kunavyogusa nafasi yako katika vyuo vya Marekani

Anayeomba shahada ya kwanza Marekani hukutana mapema na swali fupi kwenye Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumiwa kuomba vyuo vingi: utaomba msaada wa fedha? Kwa mwombaji asiye raia, vyuo vingi hulipima jibu hilo pamoja na alama zake kabla ya kuamua kumpokea.

Vipo vinavyodahili bila kutazama mfuko wa familia, lakini kwa wageni ni vichache mno. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo kwa miaka mingi. Dartmouth na Bowdoin vilijiunga mwaka 2022, na Brown kuanzia wanafunzi walioingia 2025. Vyuo vingi vyenye sera hiyo kwa Wamarekani huiacha anapoomba mgeni. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, au mkimbizi aliyepokelewa rasmi nchini humo, kwa kawaida huhesabiwa upande wa Wamarekani na anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya msaada wa serikali. Asikose kulitaja hilo.

Mfuko hutazamwaje? Chukua chuo kinachogharimu dola 85,000 kwa mwaka, na familia inayoweza kuchangia 3,000. Hitaji ni 82,000, yaani 328,000 kwa miaka minne hata ada isipopanda. Kwa fedha hizo chuo kingepokea wanafunzi wanne wanaohitaji 20,000 kila mmoja kwa mwaka. Mwombaji anayeng'ara kuliko wote huchukuliwa hata hivyo. Anayeumia ni aliyelingana na wenzake: bajeti ya msaada ikikaribia kuisha, jina lake huondolewa na la mwenye hitaji dogo hubaki.

Usichanganye jambo hili na ahadi ya kugharamia hitaji lote. Chuo kinaweza kutazama mfuko wakati wa kuchagua, kisha kikamlipia kila kitu yule kiliyemchagua. Vingine hupokea mtu na kumwachia pengo la maelfu ya dola. Kwa familia ya kipato cha chini, hicho cha kwanza ndicho bora, hata kama ushindani wake ni mkali.

Kwa hiyo wapo wanaojibu "siombi" ili kuongeza nafasi, wakitegemea ahadi ya mjomba au kuomba wakishafika. Tunawasihi wasifanye hivyo kama fedha haipo mkononi. Vyuo vingi havimruhusu mgeni aliyeingia bila msaada kuuomba baadaye, pengine kwa miaka yote minne. Zaidi ya hapo, ili chuo kitoe I-20, hati inayotangulia viza ya F-1, lazima uonyeshe fedha za angalau mwaka wa kwanza mzima. Ahadi ya mdomo haitoshi hapo.

Hitaji hupimwa kwa CSS Profile, inayofunguliwa Oktoba 1, au kwa fomu nyingine inayotajwa na chuo. CSS Profile ina ada. Ikikushinda, andikia ofisi ya msaada mapema uulize kama wana msimbo wa msamaha au fomu ya bure.

Makosa makubwa hutokea kwenye tarakimu. Mshahara wa mwezi huandikwa penye kipato cha mwaka, au dola huwekwa panapotakiwa shilingi, na familia ikaonekana maskini kuliko ilivyo au ikatiliwa shaka. Mkulima na mfanyabiashara mdogo waandike mauzo na matumizi ya mwaka mzima, si mauzo peke yake. Pasipo hati ya mshahara, ambatanisha taarifa ya benki au ya simu, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji au kata. Ndugu mnaowasomesha, mgonjwa mnayemtibu, mavuno yaliyokauka: yote yaelezwe kwenye sehemu ya hali maalumu. Wazazi wakiwa wametengana, vyuo vingi hutaka taarifa za wote wawili. Kama mmoja hajulikani alipo, omba kusamehewa sharti hilo kabla ya siku ya mwisho.

Barua ya msaada ikija, tenga ruzuku, mkopo na kazi ya chuoni. Malipo ya kazi huja baada ya kuifanya, kwa hiyo hayawezi kulipia tiketi ya ndege, ada ya viza wala dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni. Uliza bima ya afya inalipwa na nani. Ukiona pengo, iandikie ofisi hiyo mara moja ukiwa na ushahidi, kabla ya Mei 1, siku ambayo vyuo vingi hufunga uthibitisho wa nafasi.