Mwanga hauzimi dawa, unabadilisha dozi

Nimeisikia tena, na safari hii kutoka kwa mtu wa fani yetu, ya dawa zinazobadilishwa umbo kwa mwanga: "Mgonjwa anameza kidonge, mnamulika panapouma, dawa inawaka, mkizima taa, nayo inazimika." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisema hivyo namwelewesha taratibu. Mtafiti akisema hivyo mbele ya kamati inayogawa fedha za utafiti, uvumilivu unaniisha. Picha hii ya swichi inatufanya tusifie molekuli zisizofaa na kuzitupa zile ambazo zingefaa.

Tunachofanya ni hiki. Tunachukua molekuli inayoshika kipokezi cha asetilikolini, yaani protini ya seli inayopokea kemikali hiyo ya ujumbe wa neva, tunaipachika azobenzini, kipande kinachobadili umbo kikipigwa mwanga. Gizani azobenzini imenyooka (trans). Ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365 hivi, inapinda (cis) na ncha zake mbili zinasogeleana. Mwanga wa buluu unairudisha, na hata bila mwanga joto linairudisha polepole. Kipokezi chenyewe hakioni mwanga wala hakijui kama taa imewashwa. Kinachokifikia ni mchanganyiko wa molekuli zilizonyooka na zilizopinda, nacho kinajibu kwa kadiri ya wingi wa zile zinazokiamsha.

Na mchanganyiko huo hauishi kamwe kuwa mchanganyiko. Kwenye nanomita 365 maumbo yote mawili yanafyonza mwanga, kwa hiyo wakati nyingi zinapinda, nyingine zinanyooka, mpaka pande mbili zinalingana. Mara nyingi unabaki na asilimia 80 hivi zilizopinda. Molekuli nzuri inafika 90 na zaidi. Mwanga wa buluu nao haurudishi zote. Ni giza peke yake linalokupa karibu asilimia 100 za umbo moja, yaani lililonyooka. Hili tunalipima kwenye chumba chenye taa nyekundu, vichupa vimefungwa foili, kisha kromatografia, njia ya kutenganisha kemikali, inatoa vilele viwili, kimoja kwa kila umbo. Hapo napo pana mtego: lazima usome kwenye urefu wa wimbi ambao maumbo yote mawili yanafyonza sawasawa. Ukisoma kwingine, kilele kimoja kinavimba bila sababu na uwiano wako ni uongo. Makala ikidai asilimia 97, naangalia kwanza walisoma kwenye nanomita ngapi, ndipo niendelee.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanaporuka. Tuseme umbo lililonyooka lina nguvu mara 100 kuliko lililopinda. Gizani unalo lote. Umemulika, imebaki asilimia 20. Tofauti kati ya giza na mwanga si mara 100 tena, haifiki hata mara 5. Hata umbo lililopinda likiwa halifanyi lolote kabisa, bado ni mara 5, kwa sababu ile asilimia 20 iko palepale na inafanya kazi yake. Taa yako imepunguza dozi hadi moja ya tano. Basi. Yanayofuata ni famakolojia ya kawaida ya dozi na mwitikio, na hakuna taa itakayokuepusha nayo.

Moja ya tano ni kubwa au ndogo? Inategemea kipokezi, na hili ndilo ninalotamani lieleweke kuliko yote.

Chukua BisQ, mama wa kazi hii yote. Bernard Erlanger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia waliieleza mwaka 1971, wakiijaribu kwenye seli za umeme za samaki mkunga wa umeme wa Amerika Kusini. Ni azobenzini yenye amoniamu ya kwaternari (kundi lenye chaji chanya, kama la asetilikolini) kila upande, kwa hiyo ina undugu wa wazi na suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli ya chumba cha upasuaji. Ikinyooka inafungua mkondo (njia ya kupitisha ioni) wa kipokezi cha nikotini, mojawapo ya aina mbili za vipokezi vya asetilikolini. Ikipinda karibu haifungui. Kipokezi cha msuli kina sehemu mbili za kushikia, na kwa kawaida mkondo unafunguka zote mbili zikishikwa. Kwa hiyo kwenye dozi ndogo mwitikio unakwenda kwa kipeo cha pili: dozi ikishuka hadi moja ya tano, mwitikio unashuka hadi moja ya ishirini na tano, yaani asilimia 4. Hapo kweli utadhani ni swichi. Ongeza dozi mpaka vipokezi vishibe, na moja ya tano yake bado inatosha kufungua sehemu kubwa ya mikondo. Molekuli ni ileile na taa ni ileile, ila "swichi" imepotea.

Halafu "kuwasha" kwenyewe hakuna maana moja. Kipokezi cha nikotini kikikaa na agonisti (dawa inayokiamsha) muda mrefu kinazoea, kinafunga mkondo huku bado kimeshika dawa. Suksametoniamu ni agonisti, na mgonjwa anapooza. Ukiacha molekuli yako katika umbo lenye nguvu kwa dakika kadhaa, unaweza kuwa umekizima kipokezi ulichodhani umekiwasha. Ndiyo maana naheshimu sana kazi ya Henry Lester na wenzake wa Caltech, iliyochapishwa mwaka 1978: walitumia mmweko mfupi wa mwanga na wakaonyesha kwamba BisQ ikipindishwa ikiwa bado imeshikwa, mkondo unafunga papo hapo. Walifuata saa ya kipokezi, si ya taa.

Vipokezi vya muskarini, aina ya pili ya vipokezi vya asetilikolini, ni habari nyingine kabisa. Hivi havina mkondo wa kwao. Vinapitisha ujumbe kwa protini za G (protini za kupokezana ujumbe ndani ya seli), na ujumbe unakuzwa kila hatua. Tishu nyingi zina akiba: asilimia chache tu za vipokezi zikishikwa na agonisti kali, mwitikio umeshafika kileleni. Ile asilimia 20 iliyobaki inatosha kabisa. Kwa hiyo grafu nzuri kutoka kwenye seli zilizofugwa hainiambii lolote kuhusu kibofu au moyo, kwa sababu akiba ya vipokezi ni tofauti. PAI, agonisti ya M2 (mojawapo ya aina tano za vipokezi vya muskarini, M1 hadi M5) iliyochapishwa mwaka 2019, ilidhibiti mapigo ya moyo wa viluwiluwi kwa mwanga, na ile ni kazi safi. Lakini mwili wa kiluwiluwi unapitisha mwanga.

Wetu haupitishi. Bana tochi ya simu kwa kidole usiku: kinachotokea upande wa pili ni wekundu tu. Ndiyo maana tunatengeneza azobenzini zinazoitikia mwanga mwekundu, na baadhi yake zinashambuliwa na glutathioni, kemikali iliyomo ndani ya seli zetu. Ukimeza azobenzini, bakteria wa utumbo wanaikata. Salfasalazini, dawa ya uvimbe wa utumbo, inategemea hilo hilo ili ifanye kazi. Wala si ajabu kwamba majaribio ya kwanza kwa binadamu, ya molekuli iitwayo KIO-301, yalifanywa kwa kuchoma sindano ndani ya jicho. Hiyo haigusi asetilikolini.

Kwa hesabu hizo, tunapaswa kutafuta molekuli yenye nguvu ikiwa imepinda. Gizani inakuwa karibu sifuri ya kweli, na mwanga unaongeza dozi pale tu unapofika. Kuipata ni kazi. Na niseme wazi ambalo makala hulificha: mara nyingi hatujui mapema umbo lipi litashinda. Kompyuta inatabiri hili, tishu inasema lile, kisha tunaandika maelezo ya "usanifu" baada ya matokeo.

Shaka yangu kubwa zaidi iko kwingine. Tunahangaika na mwanga kwa sababu mahali asetilikolini inaposhika ni karibu sawa kwa M1 hadi M5. Koboko wa kijani wa pwani yetu ana sumu ya protini, MT3, inayoipendelea M4, lakini hilo huwezi kulifanya kidonge. Septemba 2024 Marekani iliidhinisha zanomelini pamoja na trospiamu kwa skizofrenia: ya kwanza inaamsha vipokezi vya muskarini na inaingia kwenye ubongo, ya pili inavizuia lakini inabaki nje ya ubongo, ikizuia madhara mwilini. Walichagua mahali bila taa yoyote, na wametutangulia mbali.

Ujanja huo, hata hivyo, hautenganishi kibofu na utumbo, maana vyote viko nje ya ubongo. Bethanekoli, dawa inayoamsha vipokezi vya muskarini, ikiamsha kibofu kilicholegea, inaamsha na tumbo. Kibofu kinafikika kwa kamera yenye taa, kwa hiyo hapo naona kazi yetu ina nafasi. Anayenitaka niamini molekuli yake aniletee mikunjo miwili ya dozi na mwitikio, ya giza na ya mwanga, kwenye vipande vya kibofu chenye vipokezi vyake vya asili, pamoja na uwiano wa maumbo uliopimwa kwenye bafu lilelile la tishu, yaani chombo cha majimaji vinamowekwa vipande hivyo.