Gia ya tano peke yake haiongezi mwendo

Wengi Mombasa huamini kwamba gari la michezo la zamani likifungwa giaboksi ya gia 5 badala ya 4, litakimbia zaidi. Lakini kinachofika kwenye tairi ni uwiano wa gia ukizidishwa na wa difu (gia za ekseli zinazopeleka nguvu kwenye matairi), yaani injini huzunguka mara ngapi tairi likizunguka mara moja. Gia ya tano ya 0.8 kwa difu ya 3.9 ni 3.12, gia ya nne ya 1.0 kwa difu ya 3.1 ni 3.1. Karibu sawa kabisa! Ukiiunganisha hiyo ya tano na difu ya 3.1 unapata 2.48, na injini ndogo italemewa ikipanda Mazeras.

Difu ya kawaida, inayoruhusu tairi moja kuzunguka peke yake, unaweza kuipima mwenyewe. Zuia matairi ya mbele, weka gia huru, achia hendibreki, inua tairi moja la nyuma juu ya stendi. Lizungushe mara 2 ukihesabu mizunguko ya propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu): ikikaribia 4, huenda ni 3.9.