Mkulima anapokataa matuta: dhana potofu na ukweli

Dhana: Asiyehifadhi udongo hajaelimika.

Dhana hii ina umri mkubwa kuliko mabwana shamba wengi wanaoirudia. Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 upinzani ukageuka ghasia zilizogharimu maisha, kisha mpango wenyewe ukaachwa. Watawala waliona ukaidi. Wakulima waliona kwamba udongo wa juu wenye rutuba, ambao ni mwembamba katika miteremko ile, ulifukiwa na ule usio na rutuba ukabaki juu, hata mtu akatoa jasho jingi na kuvuna kidogo. Wakati huohuo Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, walikuwa wakilima ngoro bila kuamriwa na ofisi yoyote: mashimo yaliyopangwa safu kwa safu mlimani, yanayotuliza maji ya mvua, na ambayo kingo zake hufunika nyasi zilizofyekwa ili zioze na kuwa mbolea.

Dhana: Akishaiona faida, atapanda miti na kutandaza mabua.

Swali la kwanza la mkulima huwa ni shamba la nani. Miongoni mwa Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, ardhi kwa desturi ni ya ukoo, na mti wa kudumu ni kama dai la umiliki. Anayelima kwa ruhusa ya ukoo usio wake akiotesha miche, anaweza kuonekana kuwa anajimegea. Aliyekodi kwa msimu mmoja naye hana sababu ya kujenga tuta ambalo faida yake itamkuta mwingine shambani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hatimiliki ya kimila, lakini mpangaji wa msimu haimfai kitu.

Mabua ni mgogoro mwingine. Katika vijiji vingi mifugo huachwa ilishe mashambani baada ya mavuno, kwa hiyo anayetaka kuyaacha yafunike udongo hushindana na ng'ombe wa jirani, pengine wa shemeji yake. Hilo huamuliwa na mkutano wa kijiji. Semina ya mkulima mmojammoja haiwezi kulimaliza.

Dhana: Watu wakiongezeka, udongo huisha.

Machakos, nchini Kenya, ilitajwa katika miaka ya 1930 kuwa mfano wa ardhi iliyokufa. Kufikia mwaka 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka takriban mara tano, na vilima vingi vilikuwa vimejengwa matuta, yakiwemo ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mfereji. Soko la Nairobi halikuwa mbali, na fedha za waliofanya kazi mjini zilirudi mashambani, huku mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, vikichimba shamba la mmoja baada ya jingine.

Dhana: Ukimfundisha mkuu wa kaya, umeifundisha kaya.

Wengi waliokuwa katika vikundi hivyo vya mwethya walikuwa wanawake. Katika ngoro pia, kwa desturi wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga, na wanawake ndio hushika jembe kuzifukia. Mafunzo yanayomwita baba peke yake humwacha nyumbani mtu atakayechimba.