Wa mizinga bila mizinga

Jana tena. Nimemaliza mada yangu juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, bwana mmoja akanyoosha mkono: "Hawa wa mizinga mizito si walikaa nyuma tu wakirusha makombora kwa raha zao?" Nikanywa maji kwanza.

Jamani, uzito ni wa mzinga, na mzinga huo ni wa ngomeni. Umekaa kwenye msingi wake ukitazama upande mmoja miaka nenda rudi. (Ipo ya kuzingira miji, iliyovutwa kwa taabu; tuiache.) Inayokokotwa na farasi hadi vitani ni ile myepesi, nayo ina watu wake wengine kabisa. Kwa hiyo ukimtoa ngomeni askari wa mizinga mizito, mzinga unabaki. Yeye anaondoka na bunduki na singe. Utepe mwekundu wa mizinga bado uko kwenye sare, ila kazi ni ya askari wa miguu.

Chukua Rejimenti ya 1 ya Mizinga Mizito ya Maine, jimbo la upande wa Kaskazini. Iliundwa Bangor, Agosti 1862, kama ya askari wa miguu, ikageuzwa ya mizinga mwanzoni mwa 1863, ikalinda ngome za Washington. Kombania 12 badala ya 10 za rejimenti ya miguu, watu hadi 1,800. Mei 1864 Grant, jenerali mkuu wa Kaskazini, anapoteza watu kwa maelfu huko Virginia, akawaita. Wakongwe wakawacheka na sare zao safi.

Juni 18, mji wa Petersburg, Virginia. Waliambiwa wavuke shamba la wazi, wayakabili mahandaki ya jeshi la Kusini. Walioinuka wanakadiriwa 850, wengine husema 900 na zaidi. Nimechoka kuzigombania hesabu hizo. Dakika kumi hivi baadaye, 632 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawaonekani.

Kwa nini walikwenda? Vitabu husema ni ugeni wa vita. Nami nilifundisha hivyo miaka mingi, na siku hizi nasitasita. Mei 19, kwenye mapigano ya Harris Farm, Virginia, walikwisha kupoteza watu zaidi ya 400. Risasi walikuwa wanaijua. Vikosi vya wakongwe vilivyotakiwa kuwafuata nyuma havikufika mbali, wao walikwenda. Nidhamu? Au walichoka kuitwa askari wa ngomeni? Wa kumuuliza angekuwa kanali wao, Daniel Chaplin, lakini mdunguzi alimpiga risasi kwenye mapigano ya Deep Bottom, Agosti ya mwaka huo huo.