33,550,336: namba iliyovuruga mpangilio

Juzi mwanafunzi wangu kaniletea daftari, kaandika namba timilifu nne za kwanza: 6, 28, 496, 8,128, halafu nafasi tupu. "Mwalimu, inayofuata itakuwa na tarakimu tano, sivyo?"

Simlaumu. Nicomachus, mwanahisabati Mgiriki wa yapata mwaka 100 BK, naye alizijua hizo nne tu, akaona zimejipanga vizuri: moja kwenye mamoja, moja kwenye makumi, moja kwenye mamia, moja kwenye maelfu, na zinapokezana kuishia na 6 na 8. Wengi waliomfuata wakadhani utaratibu huo hauna mwisho.

Timilifu ni namba ambazo ukijumlisha vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, unairudia ileile: 1 + 2 + 3 = 6. Mimi naziita timilifu, maana "namba kamili" shuleni tayari ina kazi nyingine.

Njia ya kuzipata aliitoa Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Anza na 1, endelea maradufu, jumlisha; jumla ikiwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyojumlisha. 1 + 2 + 4 ni 7, tasa, na 7 × 4 ni 28. Ukifika 127 × 64 unapata 8,128. Baada ya hapo njia inakauka: 255, 511 na 1,023 zote zinagawanyika. Kisha inakuja 2,047, na hapa ndipo wengi huteleza, kwani ina sura ya utasa kabisa kumbe ni 23 × 89. Na 4,095 inaishia na 5, tuiache.

Inafuata 8,191. Usianze kuigawa kwa kila namba tasa hadi 90, unapokomea mzizi wake wa pili. Kwa kuwa ni 2 kipeo cha 13, toa 1, kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kikigawanywa kwa 26, yaani 13 × 2, kibakize 1. Chini ya 90 ziko mbili tu za kujaribu, 53 na 79. Ya kwanza inabakiza 29, ya pili 54. Basi 8,191 ni tasa, na 8,191 × 4,096 ni 33,550,336.

Tarakimu nane! Hakuna timilifu ya tarakimu tano, sita wala saba. Kupokezana nako kulikufa na inayofuata, 8,589,869,056, ambayo nayo inaishia na 6.

Namba yetu, 33,550,336, ina vigawo 26, yenyewe ikiwemo. Ni ya pembetatu pia: jumlisha 1 hadi 8,191 utaipata. Ninayoipenda zaidi ni hii: chukua namba witiri 64 za kwanza, 1 hadi 127, kila moja ipandishe kipeo cha tatu, jumlisha. Ni ileile.

Yule kijana naye akajumlisha tarakimu zake: 3+3+5+5+0+3+3+6. Ishirini na nane, timilifu! Akaruka. Nikamwambia ajaribu ya sita. Akapata 64, akakaa.