Picha ya Kifua Ikionyesha Doa: Maswali na Majibu kwa Wagonjwa wa Tabora

Nimepigwa eksirei nikaambiwa kuna doa juu ya pafu la kulia. Je, ni TB?

Si lazima. Mionzi hupenya hewa kwa urahisi, hivyo mapafu yenye afya hutoka meusi, ilhali mifupa, moyo na majimaji hutoka meupe. Doa jeupe maana yake ni kwamba mahali palipopaswa kuwa na hewa pana kitu kingine, nacho chaweza kuwa nimonia, uvimbe, kovu la ugonjwa uliokwisha kupona, au kweli kifua kikuu (TB), ambacho kwa watu wazima hupendelea sehemu ya juu ya pafu na pengine huchimba tundu. Ndiyo maana utaombwa makohozi: kipimo cha GeneXpert hutafuta vinasaba vya vimelea vyenyewe, na huonyesha pia kama vimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, jambo ambalo picha haiwezi kulisema. Inaniuma kuona mzazi akijitenga na wanawe kwa sababu ya kovu, kabla hata makohozi hayajapimwa.

Nimekausha tumbaku Urambo kwa miaka mingi. Moshi wa mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, waweza kuonekana kwenye picha?

Moshi huharibu zaidi njia za hewa kuliko kuacha doa moja. Ukizidi, mapafu hujaa hewa kupita kiasi na kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini yake, hubonyea, lakini picha yaweza pia kutoka safi hali mgonjwa anahema kwa shida. Mweleze daktari habari za bani, na za kuni za jikoni pia, hata asipouliza.

Mama yangu ameambiwa ana maji kifuani. Wameyaonaje?

Inua picha kuelekea dirishani utazame pembe ya chini kabisa ya pafu, pale kiwambo kinapokutana na mbavu: kwa kawaida ni kali kama ncha ya mkuki. Kwa mtu aliyepigwa picha amesimama, maji yakifika takribani mililita 200 pembe hiyo hufifia na kuwa butu. Chanzo chaweza kuwa kifua kikuu, nimonia, saratani au moyo kushindwa kazi, kwa hiyo mara nyingi daktari huvuta maji kidogo kwa sindano ili yapimwe.

Na moyo kutanuka?

Upana wa moyo wa mtu mzima haupaswi kuzidi nusu ya upana wa kifua. Hata hivyo, aliyepigwa picha amelala, au bila kuvuta pumzi vizuri, moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Apimwe shinikizo la damu kwanza.

Picha ya zamani niitupe?

Usiitupe, tafadhali. Doa ambalo halijabadilika kwa miaka 2 kwa kawaida ni kovu au uvimbe usio wa saratani, na hilo hujulikana kwa kulinganisha tu. Ukipewa rufaa kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, ichukue ndani ya bahasha yake, bila kuikunja, pamoja na majibu yaliyoandikwa.