GT40 Haikuwa ya Kimarekani Tupu

Katika karakana ninamofufua magari ya kale, haupiti mwezi bila mteja kusimama kando ya gari la mashindano la Ford GT40 na kutangaza kwamba Wamarekani waliibuni na kuijenga kwao ili kumwadhibu Enzo Ferrari, mtengenezaji magari wa Italia, aliyevunja mazungumzo ya kuiuzia Ford kampuni yake mwaka 1963. Ugomvi huo ni wa kweli, na fedha zilikuwa za Ford, lakini gari lenyewe lilizaliwa Uingereza. Ford ilimchukua Eric Broadley, mbunifu wa magari Mwingereza, pamoja na gari lake Lola Mk6, ambalo lilikuwa limeshakimbia Le Mans, mashindano ya saa 24 ya Ufaransa, mwaka huohuo likiwa na injini ya V8 ya Ford nyuma ya dereva, kisha ikamkabidhi John Wyer, aliyetoka Aston Martin, shughuli za karakana ya Slough, magharibi mwa London. Asiyeniamini namwambia afungue mlango: usukani uko kulia, na mkono wa gia uko kuliani hukohuko, kati ya paja la dereva na mlango.

Kinachowachanganya ni matoleo. Mark II, iliyozoa nafasi tatu za kwanza Le Mans mwaka 1966, ilitokana na gari hilo la Kiingereza, likatiwa injini ya lita 7 na kukamilishwa na timu za Marekani, ikiwemo ya Carroll Shelby. Ni Mark IV, iliyoshinda mwaka 1967 mikononi mwa Dan Gurney na A. J. Foyt, ndiyo iliyojengwa Marekani. Mteja akiitaja hiyo, sibishani naye.

Wapo wanaodai kwamba Ken Miles, dereva wa Ford, aliondolewa mashindanoni Le Mans mwaka 1966. Hakuondolewa. Wakuu wa Ford waliamuru magari yao yamalize sambamba, na kwa kuwa wenzake Bruce McLaren na Chris Amon walikuwa wameanza nyuma zaidi, walihesabiwa kuwa ndio waliokwenda umbali mrefu zaidi ndani ya saa 24. Kwamba amri ile ilikuwa ya kipuuzi, nakubali.

Namba 40 si idadi ya magari yaliyoundwa. Ni kimo chake kwa inchi, yaani mita moja na ushei, jambo ambalo mteja mrefu huligundua kwa kisogo anapojaribu kuingia.

Wala GT40 haikufa mwaka 1967. Kanuni mpya zilizifungia nje injini za lita 7, lakini timu ya Wyer ikarudi na GT40 yenye injini isiyofika lita 5, na gari lilelile moja, lenye chesisi namba 1075, likashinda Le Mans mwaka 1968 na 1969. Mara ya pili dereva wake Jacky Ickx, akipinga desturi ya madereva kukimbilia magari yao mbio zinapoanza, alitembea polepole, akafunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Baada ya karibu kilomita 5,000 akaishinda Porsche ya Hans Herrmann kwa takriban mita 120. Gari hilo lilikuwa la samawati lenye mstari wa chungwa, rangi ambazo leo hupakwa kwenye gari la kuiga la kila aina, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, inama usome namba ya chesisi.